Juisi ya Kutuliza Akili

Chai iliyomwagikia suruali ya Inspekta Ecweru ilikuwa nusu glasi tu. Habari ilipofika Busia ilikuwa birika zima, na kabla ya magharibi kulikuwa na watu upande wa Kenya waliokuwa tayari kuapa kwamba inspekta amelazwa hospitali. Lakini tuwe waungwana, tuseme kweli: nusu glasi. Nusu nyingine ilibaki mkononi mwake, ikitetemeka kama shahidi aliyeona ajali kwa macho yake.

Inspekta huyu, ambaye ndiye aliyewapima madereva pale Tororo, alikuwa na utaratibu wake. Hakuuliza alama za barabarani hata moja. Alipanda kwenye lori na glasi ya chai ya maziwa iliyojaa hadi ukingoni, akakaa karibu na dereva, akasema, "Twende." Mkirudi chai ikiwa kwenye glasi, una leseni. Mkirudi chai ikiwa kwenye inspekta, unakwenda kwenu. Wenye elimu walilalamika kwamba hakuna sheria ya namna hiyo popote. Waliolalamika sana ndio waliokuwa wamemwaga.

Nasifu alikuwa amemwaga mara mbili, na ile nusu glasi ilikuwa ya pili.

Si kwamba gari lilimshinda. Tangu kabla ya Uhuru alikuwa utingo wa Mzee Muzamiru, mfanyabiashara wa pamba na chumvi, na hapakuwa na bolti katika lori lile ambayo hakuipa jina la utani. Tatizo lilikuwa akili yake, ambayo ilikataa kukaa ndani ya gari. Akiwa kwenye usukani na inspekta pembeni, akimwona mama mwenye kikapu cha kuku, akili ilishuka, ikamfuata yule mama, ikaanza kukisia bei ya kuku. Mguu ukabaki peke yake kwenye klachi bila msimamizi. Lori likaruka kama panzi, na chai ikaruka nalo.

Jumatatu asubuhi Mzee Muzamiru alimwita mbele ya duka, baada ya kuhakikisha kwamba kuna wasikilizaji wa kutosha.

"Nasifu, mwanangu. Gari langu la pili linatoka Kampala Alhamisi. Tutalipokea Tororo."

"Alhamdulillahi, mzee."

"Usishukuru bado. Likifika halitakaa linanitazama mimi na ndevu zangu. Ukipata leseni siku hiyo, usukani ni wako. Usipopata, mpwa wa mke wangu yuko Mbale, leseni yake inaozea mfukoni."

"Yule kijana niliyemfundisha kufunga turubai?"

"Huyohuyo. Sasa utamfungia yeye."

Wasikilizaji wakacheka kwa adabu, kila mmoja akitazama pembeni.

Zubaida, mke wa Nasifu, hakucheka aliposimuliwa. Utingo hakai ndani ya gari. Hukaa juu ya magunia, na mvua ikinyesha ni yake. Masika yaliyopita Nasifu alishushwa kutoka juu ya pamba akiwa amekakamaa kama samaki mkavu, akakohoa hadi watu wakaanza kumuuliza Zubaida kwa upole kama ndugu za mumewe wanajua. Tangu hapo, wingu likijikusanya upande wa Samia, Zubaida alitoka nje kulitazama kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua.

"Lazima ukae ndani," alisema. "Ndani, kwenye kiti, chini ya paa."

"Akili yangu haitulii, Zubaida."

"Basi tutaitafutia dawa."

* * *

Dawa za akili, kwa pale Busia, zilikuwa kwa Okanya. Okanya alikuwa dresa wa zahanati. Kazi yake rasmi ilikuwa kuosha vidonda, lakini alikuwa amesoma misheni hadi mahali ambapo ada ilikatika, na tangu hapo alikuwa akiimalizia elimu yake juu ya wagonjwa. Daima alikuwa na kalamu mfukoni. Wino wake ulikauka zamani, jambo ambalo halikumpunguzia heshima hata kidogo.

"Anakula nini?" aliuliza, bila kumtazama Nasifu aliyekuwa amekaa palepale.

"Asubuhi mihogo ya kukaanga," alisema Zubaida. "Mchana ugali wa wimbi na mchuzi wa njugu. Jioni vilevile. Ijumaa pilau."

"Na mandazi," aliongeza Nasifu, kwa sababu alilelewa kutomdanganya mtu wa zahanati.

Okanya alifumba macho kwa uchungu. "Sasa sikilizeni. Mtu ana damu yake moja tu. Akila chakula kizito, damu yote inashuka tumboni kwenda kusaga. Kichwani kunabaki nini?"

Nasifu alishika kichwa chake.

"Kunabaki upepo," alisema Okanya. "Ndiyo maana chai inamwagika. Wazungu wamechunguza haya. Marubani wao hawali ugali."

"Wanakula nini?" aliuliza Zubaida.

"Hawali, wanakunywa. Juisi ya matunda mabichi. Nanasi, pasheni, ndimu, karoti. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Tia na sukari guru, ya nguvu. Vyakula vizito, marufuku. Na isikae kwenye sufuria, sufuria inaua vitamini. Ikae kwenye chungu."

Hakuna aliyejua vitamini ni nini, pengine hata Okanya mwenyewe, lakini neno lenyewe lilikuwa na sauti ya leseni.

* * *

Mananasi yalikuwa tele sokoni. Karoti zilipatikana kwa mpishi wa Mzungu wa forodha, kupitia mlango wa nyuma. Bi Hadijah, mama yake Nasifu, ambaye chumba chake kilikuwa karibu na jiko ili asipitwe na neno, alizigeuza zile karoti kwa kidole kimoja.

"Hiki ni chakula cha sungura," alisema. "Na mimi sijamwona sungura akiendesha lori."

"Hata kumwaga chai hujamwona, mama," alijibu Zubaida, akaendelea kukuna.

Alikunia kwenye mbuzi ya Bi Hadijah. Mama huyu alikuja na mbuzi hiyo kutoka Mombasa alipoolewa, na tangu siku hiyo ilikuwa ikingoja nazi ambazo hazikuja. Sasa ilipewa karoti, ikazifanyia kazi kwa hasira ya miaka. Vyote vikakamuliwa kwenye kipande cha melimeli, sukari guru ikapondwa, kikabaki chungu. Chungu chao kilikuwa na ufa. Zubaida na mama mkwe wake wakaenda kwa jirani.

Jirani huyu aliitwa Asekenye, lakini mtaa wote ulimwita Mama Egau. Alikuwa Mteso kwa kabila, na aliisomesha nyumba yake kwa ajon, ile pombe ya wimbi ambayo kila Jumamosi wanaume waliizunguka uani kwake, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakinyonya kwa utulivu kama watu walio kwenye mkutano wa maana. Walimkuta akifunga nguo zake ndani ya leso.

"Mama Egau, tuazime chungu," alisema Zubaida. "Cha kuwekea sharubati."

"Chukua hii kubwa. Nimeosha na jivu, nimeosha na maji ya moto, nimeanika kwa jua. Safi kabisa."

Bi Hadijah aliinama, akaingiza kichwa ndani, akanusa hadi sauti ikarudi kama ya kisimani. "Hakina harufu?"

"Mama, mimi naogopa Mungu yako sawasawa na yangu. Harufu iko wapi? Haya, mimi nakwenda kwetu Kwapa, tumefiwa. Narudi Ijumaa. Hiyo jusi mniwekee kidogo."

Nyumbani chungu kilioshwa tena, safari hii kwa sabuni, na Bi Hadijah akakisomea Bismillahi kabla juisi haijamiminwa. Mbele ya Mungu na watu, hakikuwapo chungu kilichosuguliwa kama kile.

Jioni hiyo Nasifu alikunywa kikombe cha kwanza, akakaa kwenye kigoda akingoja akili. Haikuja. Ilikuja njaa.

Jumanne njaa ilileta jamaa zake. Nasifu alipakia chumvi kwa tumbo tupu, na matingo wenzake, waliokula vizuri, hawakumwonea huruma. "Bwana Nanasi!" walimwita kutoka juu ya gari. "Leo umelishwa majani gani?" Jioni, mtaa mzima ulipokuwa ukikaanga samaki, aliomba muhogo mmoja tu, mdogo, hata ulioungua.

"Rubani hali muhogo," alisema Zubaida. Moyo ulimuuma, lakini alimpa karoti.

* * *

Jumatano juisi ilianza kuwa na maoni yake. Povu jeupe lilipanda hadi shingoni mwa chungu, na ukitega sikio ulisikia sauti ndogo, kama watoto wanaonong'onezana chini ya blanketi.

"Inachemka bila moto," alisema Zubaida.

Bi Hadijah aliweka sikio kwenye mdomo wa chungu, akasikiliza kwa muda mrefu. "Ni zile vitamini," alisema hatimaye. "Zimeamka."

"Na inachoma ulimi."

"Wewe umewahi kuona dawa inayobembeleza?"

Ni lazima ieleweke hapa kwamba katika mtaa ule nyumba hii ndiyo pekee ambayo isingeweza kujua. Mlango mwingine wowote, mgeni angeingia, angenusa mara moja, angekwenda kuwaita jamaa zake. Lakini Bi Hadijah alizaliwa, akalelewa, akaolewa na akafiwa bila tone la pombe kupita mdomoni mwake, na Zubaida alifuata njia hiyohiyo. Nasifu aliishi miongoni mwa walevi wa barabarani, alijua wanavyonuka na wanavyodaiana nauli, lakini ladha ya kile walichokunywa hakuijua. Kwake yeye lile lilikuwa nanasi lililokomaa kitabia.

Jioni hiyo alikunywa, na akili ikatulia.

Alihisi ikiteremka polepole, ikaketi, ikakunja miguu. Njaa iliondoka bila kuaga. Aliomba sinia, akalishika kama usukani, na Zubaida akakaa pembeni yake na glasi ya maji iliyojaa, akakunja uso ili awe inspekta. Bi Hadijah akapewa kazi ya kupita barabarani.

"Kuku!" alipiga kelele Bi Hadijah, akikata mbele yao na kikapu kitupu. "Kuku wa bei rahisi! Karibu bure!"

Nasifu hakugeuka. Aliendesha sinia lile hadi Mbale na kurudi, akapanda mlima, akateremka, akampisha Bi Hadijah mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na maji hayakumwagika. Zubaida alijifuta macho kwa ncha ya leso. Bi Hadijah, ambaye alikuwa amekunywa nusu kikombe kwa ajili ya goti la kushoto, aliona si haki goti la kulia libaki hivihivi. Baada ya hapo aliimba nyimbo za harusi yake zote, pamoja na zile ambazo bwana harusi hakupaswa kuzisikia.

* * *

Alhamisi, Nasifu akiwa ameshakunywa kikombe chake cha asubuhi, walikwenda Tororo na lori la zamani, Mzee Muzamiru akiendesha mwenyewe. Zubaida alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu chupa ya juisi iliyofungwa kwa gunzi, ya akiba.

"Unanukia bustani," alisema Mzee Muzamiru, ambaye pua yake ilijua vitu viwili, udi na dizeli.

"Ni dawa ya kutuliza akili, mzee," alisema Nasifu. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya utumishi wake, akamwambia tajiri wake kwamba ana ndevu nzuri sana. Mzee Muzamiru alizishika mara kwa mara hadi Tororo.

Gari jipya lilikuwa uani kwa polisi, la buluu, linang'aa. Waliokuja kupimwa walikuwa wamekaa kivulini. Inspekta Ecweru alitoka na chai yake, Nasifu akamfungulia mlango huku akimtabasamia kama ndugu yake wa damu. Inspekta aliweka mguu mmoja kwenye kikanyagio cha mlango, akasimama. Pua yake ilisogea. Akateremka, akaiweka chai juu ya boneti, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona.

"Fungua mdomo."

Nasifu akaufungua wote.

"Umekunywa nini wewe?"

"Juisi, afande."

"Juisi? Mimi mama yangu alinisomesha kwa ajon. Nimelala kando ya chungu mpaka nikaota ndevu. Mimi ndiye unaniambia juisi?"

"Ya nanasi na karoti, afande. Wallahi. Ya kutuliza akili."

Wale wa kivulini walikuwa wamesimama. "Mwislamu huyo!" alisema mmoja. "Na kofia yake kichwani!" alisema mwingine. Nasifu aliivua ile kofia, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Mzee Muzamiru alisogea pembeni, akaanza kuutazama mwamba wa Tororo kana kwamba umemwita.

"Nitakuandika," alisema Inspekta Ecweru. "Mlevi kwenye usukani. Leseni utaisikia kwa wenzako."

"Uniandike na mimi!" Zubaida alikuwa amepenya katikati ya watu. "Nimeitengeneza kwa mikono hii. Karoti nimekuna, nanasi nimekamua. Pombe mimi naijulia wapi?"

Akaitoa chupa kikapuni. Gunzi liliruka lenyewe, likampita polisi mmoja karibu na sikio, na povu likamteremka Zubaida mkononi hadi kwenye kiwiko. Mbele ya inspekta, mbele ya askari, mbele ya tajiri wa mumewe na ya kila aliyekuwa na macho siku ile Tororo, mwanamke yule katika buibui lake aliinua chupa, akanywa nusu yake bila kupumua.

"Mtu anaficha kosa namna hii?" alisema. "Ni juisi! Onja!" Kisha akacheua, taratibu, kwa heshima.

Inspekta Ecweru alimtazama, akatazama povu kidevuni mwake, akageuza uso. Mabega yake yalitikisika. Aliporudi sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Dada, hiyo juisi ilikaa wapi?"

"Kwenye chungu. Tumeazima kwa jirani."

"Jirani gani?"

"Mama Egau. Mteso kama wewe. Lakini kilioshwa! Kwa jivu, kwa maji ya moto, kwa sabuni na kwa Bismillahi!"

"Mliosha udongo," alisema inspekta. "Chungu cha ajon kinakunywa kabla ya watu, dada. Kinakunywa kila wiki, miaka na miaka. Ile chachu inaingia ndani ya udongo, inakaa pale. Kwetu mtu aliwahi kutia uji wa mtoto humo kwa haraka zake, mtoto akaamka kesho yake. Mlitia na sukari?"

"Sukari guru."

"Eeh! Basi mlipika karamu."

Zubaida alielewa, na alipoelewa akakaa chini palepale. "Kwa hiyo mimi... hapa mbele ya watu..."

Nasifu akakaa karibu naye. Furaha yote ilikuwa imemtoka, na ilipotoka ilimwacha mtu mwenye njaa tangu Jumatatu. "Na mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mama alikunywa kwa magoti yote mawili."

Waliokuwa wakicheka waliacha. Inspekta Ecweru alichukua chai yake juu ya boneti.

"Sikuandiki," alisema. "Lakini hivi hupandi gari. Kaa kwenye benchi ile, unywe maji. Saa kumi nitakunusa. Na usitoke hapo. Nikikukosa nampa mwingine nafasi yako, na kesho mimi naanza likizo."

* * *

Zubaida aliazima debe, akachota maji bombani, na kazi ikaanza. Alimpa kikombe, akamnusa, akasema, "Bado," akampa kingine. Hakuna farasi aliyewahi kunyweshwa hivyo.

Mzee Muzamiru alikuja, akasimama mbali kidogo, asije akanukia. "Nimempigia simu mpwa wa mke wangu. Anapanda basi."

"Mzee, ngoja saa kumi."

"Mimi nangoja. Basi halingoji."

Mama mmoja akapita na beseni la mihogo ya kukaanga. Nasifu aligeuza macho, akayatazama mabuti ya askari. Zubaida alimwita yule mama, akanunua, akaweka pakiti mapajani mwa mumewe.

"Kula."

"Na damu ikishuka tumboni?"

"Ishuke."

Alikula, na machozi yalimlengalenga, ingawa alisema ni pilipili.

Saa tisa mpwa wa mke wa tajiri aliteremka, viatu vinang'aa, akakaa upande wa pili wa benchi. "Shikamoo, kaka Nasifu," alisema. "Naona turubai la gari hili jipya ni kubwa, eeh? Utahitaji kamba ndefu." Wakati huo mambo mengine yalikuwa yamemshika Nasifu. Yale maji, baada ya kusafisha yaliyopaswa kusafishwa, yalikuwa yamefika mahali maji hufika.

"Zubaida. Nataka kwenda kule nyuma."

"Hukusikia? Ukitoka umekwisha."

"Nitakimbia."

"Na akitoka sasa hivi?"

Nasifu alikunja mguu mmoja juu ya mwingine, kisha akabadilisha, kisha akaacha kabisa kusogea. Choo kilionekana kutoka pale, mlango wazi, kizuri kuliko msikiti wowote.

Inspekta alitoka na glasi mpya, imejaa. Akamnusa Nasifu mara moja, akamnusa tena.

"Mihogo," alisema. "Panda."

"Afande, naomba kwanza..."

"Panda, chai inapoa."

* * *

Sasa tuzungumze kwa heshima juu ya kibofu. Wataalamu wameandika mengi kuhusu umakini, na Okanya amesema yake, lakini hakuna aliyekumbuka kwamba mtu mwenye kibofu kilichojaa haoni kuku. Dunia nzima ilikuwa imemwishia Nasifu. Ilibaki barabara, na kila tuta la barabara ile lilikuwa adui aliyemjua yeye binafsi.

Aliachia klachi kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala mgongoni. Lori likaondoka bila kujua kwamba limeondoka. Mashimo aliyaona tangu mbali, akayazunguka moja moja kwa unyenyekevu. Penye reli alisimama kabisa, akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuta pumzi, akapitisha gurudumu baada ya gurudumu huku midomo yake ikisoma kila dua aliyofundishwa. Kwenye kilima, mahali ambapo safari zilizopita lori lilirudi nyuma kwa ukelele, halikurudi hata unywele. Karibu na Rubongi, penye kambi ya jeshi, wake za askari walikuwa wakivuka na kuku, wengi, wanono. Alisimama taratibu, wakapita, akaondoka. Bei yao haijulikani hadi leo.

Inspekta Ecweru alianza safari akiwa ameshika glasi mbali na suruali yake, kama kawaida. Walipoipita ile kambi aliishusha. Waliporudi sokoni alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apewe kazi: aliinywa.

"Nani alikufundisha kuendesha hivi?" aliuliza.

Nasifu hakufungua mdomo.

"Vizuri. Dereva asiye na maneno. Tuzunguke tena kule kwenye reli?"

"Hapana!" Sauti ilimtoka ambayo afande hajawahi kusemezwa nayo. "Mafuta, afande. Mafuta ya mzee."

"Na anatunza mali ya tajiri," alisema Inspekta Ecweru, akapangusa mdomo.

Uani, Zubaida aliona lori likiingia na kusimama. Aliona mlango ukifunguka kabla injini haijanyamaza, na mumewe akiruka chini, akampita yeye, akampita Mzee Muzamiru, mkono kwenye mkanda, uso kama wa mtu ambaye nyumba yake inaungua, akapotea nyuma ya jengo. Mpwa wa mke wa tajiri alisimama, akanyoosha kola. Mzee Muzamiru alivuta pumzi ndefu, na kwa kweli hakuonekana mwenye furaha.

"Basi," Zubaida alijiambia. "Nitamshonea koti la turubai. Nene, lenye kofia. Atapanda nalo."

Kisha inspekta akateremka, na glasi mkononi mwake ilikuwa tupu. Zubaida akafumba macho. Yote! Safari hii hata nusu haikubaki. Alipoyafumbua alimtazama mtu yule kuanzia kifuani, tumboni, mapajani, magotini. Suruali ilikuwa kavu, na pasi yake bado imesimama.

"Afande," alisema, "chai iko wapi?"

"Nimekunywa," alisema Inspekta Ecweru, na kuingia ofisini kuchukua muhuri.

* * *

Walirudi Busia jua likielekea kuzama, lori la zamani mbele, likiendeshwa na Mzee Muzamiru, na la buluu nyuma. Mpwa wa mke wake alikuwa ametumwa stendi akaulizie basi la Mbale. Zubaida alikaa ndani ya lile la buluu, kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na nailoni ya kiwandani, miguu imebanana, akiogopa kugusa chochote. Nasifu alikuwa ameivaa kofia yake tena.

"Mama tutamwambia nini?" alisema Zubaida. "Nani atamwambia? Mimi siwezi. Alimwimbia hadi jirani. Na Okanya, tumshukuru au tumpige? Maana ukifikiri vizuri, bila yeye... Na chungu cha Mama Egau, kesho anarudi, atataka juisi yake, tutampa? Kwanza iliyobaki ni halali kuimwaga uani, kuku wakinywa je? Nasifu. Nasifu, si nasema na wewe? Ile juisi ilikusaidia au haikukusaidia?"

Mbele yao mama mmoja alikuwa akivuka barabara na kikapu. Nasifu alikanyaga breki taratibu, akamngoja apite, macho yake yakiwa mbele.

"Zubaida," alisema, "usinisemeshe. Naendesha."